Simba, Yanga na tangi la lita 60

Kwanza samahani kwa ukimya. Wiki tatu sijaandika kitu, na wengine mmeanza kuulizana kama nimeoa kimya kimya au nimeachishwa kazi. Hakuna. Nilikuwa Wasso, na sehemu kubwa ya likizo yangu ya mwaka nimeimaliza nikiwa na futikamba mkononi, nazidisha urefu kwa upana kwa kina na kubishana na dada yangu juu ya samaki wawili. Naomba msicheke kabla sijafika mbali.

Kwa wasioijua Wasso: iko tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, kule juu kaskazini jirani na mpaka wa Kenya. Wengi wa rika langu tulilisikia jina la Loliondo mwaka 2011, tukiwa shule ya msingi, watu walipofurika Samunge kunywa kikombe cha Babu, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021. Baadaye mkalisikia tena kwenye habari za ardhi na mifugo, hasa Juni 2022. Mimi kazi ndiyo iliyonifikisha huko mara ya kwanza. Safari hii nilikwenda kama mjomba tu. Dada yangu ni muuguzi, yuko huko mwaka wa nne sasa, anaishi na mwanawe wa miaka tisa kwenye nyumba ya kupanga yenye bustani ndogo ya mboga nyuma.

Sasa tuje kwenye kosa langu. Mwaka jana nilimnunulia mpwa wangu zawadi. Mtoto alikuwa ananung'unika kwamba Wasso hakuna ziwa. Sisi kwetu ni Mwanza, na yeye alizaliwa pale, kwa hiyo ukimwambia habari ya nyumbani yeye anaanza na maji. Nikapita Arusha kwenye duka la samaki wa mapambo, nikaona vidagaa viwili vizuri sana, kila kimoja kama kidole changu cha kati. Mmoja mweusi mwenye mabaka mekundu ubavuni, mwingine mweupe unaoelekea njano. Muuzaji akaniambia wanaitwa oska, kwao ni Amerika ya Kusini, huko Amazon. Nikauliza wanakua mpaka wapi. Akanijibu kwa kujiamini kabisa: "Hawa wanafuata tangi, braza. Tangi dogo, samaki mdogo."

Nikaamini! Mimi, niliyesomeshwa chuo kikuu miaka mitatu kwamba habari ya chanzo kimoja si habari. Ingekuwa ni diwani ananiambia barabara imekamilika ningepiga simu nne. Muuza samaki akasema samaki anafuata tangi, nikatoa hela.

Safari yenyewe ilikuwa kioja. Samaki kwenye ndoo yenye mfuniko niliotoboa matundu, ndoo kwenye mapaja, kutoka Mto wa Mbu kuingia Engaruka, halafu Ngare Sero, Ol Doinyo Lengai ukiuona pembeni, Ziwa Natron mbele, kisha gari linaanza kupanda ukingo wa bonde la ufa kuelekea Sonjo. Kila tuta nilikuwa nafunua mfuniko kuangalia. (Kwa taarifa yenu, Natron kwenyewe wako samaki. Ni vijiperege vidogo vinavyoishi kwenye chemchemi za maji ya moto ya magadi, ambayo samaki wengi wengine wasingekaa humo hata saa moja. Wataalamu wameviweka kwenye jenasi ya Alcolapia. Abiria mwenzangu aliponiambia hivyo nilidhani ananitania kwa sababu ya ndoo yangu.) Tulipofika Sale tukakuta lami, zile kilomita 49 za kwenda Wasso, na samaki wangu wakaacha kupigapiga mkia. Mpwa wangu akawapokea kama wageni wa heshima. Yule mwekundu akamwita Simba, yule wa njano Yanga. Tangi nililonunua pamoja nao lilikuwa na urefu wa sentimita 60, upana 30, kina 35. Piga hesabu: lita 63, na hapo bado hujaweka changarawe. Vidagaa viwili ndani yake vilionekana kama vimepotea uwanja wa taifa.

Niliporudi mwezi uliopita, nilisimama mlangoni pa sebule nikakosa la kusema. Yanga alikuwa na sentimita 22 kwa rula ya shule ya mtoto. Upana wa tangi ni 30. Alipotaka kugeuka alijikunja kwanza, akagusa kioo cha mbele kwa pua na cha nyuma kwa mkia, kama basi la mwendokasi lililoingizwa kwenye uchochoro wa Kariakoo. Simba, mdogo kidogo, alikuwa amejibanza kwenye kona chini ya pampu, mapezi yamechanika, na juu ya macho ameanza kutoboka vijitundu kama aliyechomwa na sindano. Maji yalikuwa yananuka. Si uvundo, ila ile harufu ya ndoo iliyosahaulika.

"Mdogo wangu," dada akasema, bado na sare ya kazi, "uliniletea vidagaa viwili. Sasa nina mabwana wawili sebuleni wanaokunywa maji kuliko mimi na mwanangu."

Hapo ndipo penye uzito. Wasso si Mwanza. Kiangazi kikishika, maji ya bomba yanakuja kwa zamu yanayoijua yenyewe, na siku nyingine dada ananunua kwa dumu. Binti anayemsaidia kazi ndiye anayebeba. Ili samaki wasife ilibidi nusu ya maji ibadilishwe kila baada ya siku mbili. Lita 30 mara tatu au nne kwa wiki, yaani zaidi ya lita 100, zinabebwa kichwani na msichana wa miaka ishirini ili samaki wa zawadi yangu aendelee kuumwa. Mimi nilikuwa Dar naandika makala kuhusu huduma ya maji vijijini.

Mwenye nyumba ni mzee wa Kimasai, mcheshi sana, alikuja jioni ile kunisalimia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa akitazama tangi. Wamasai kwa desturi hawali samaki, na mzee yule hakuelewa kabisa mantiki ya jambo hili.

"Mnawala?"

"Hapana, mzee."

"Wanauzwa?"

"Hapana."

"Wanakunywa kiasi gani?"

Nikamwambia wao hawanywi, maji yanabadilishwa kwa sababu wanayachafua. Lita mia moja na kitu kwa wiki. Akafikiri. "Hao ni ndama," akasema. "Ndama asiye na maziwa wala ngozi." Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilicheka pia, lakini usiku sikulala vizuri.

Kesho yake nikaanza kufanya kile nilichopaswa kufanya mwaka jana, yaani kusoma na kuuliza. Naomba niwape mambo haya kama nilivyoyaelewa, maana najua baadhi yenu mna matangi sebuleni na mnajidanganya kama nilivyojidanganya mimi.

Ile habari ya samaki kufuata tangi ni uongo wenye chembe ya ukweli, na ndiyo maana unaishi. Wafugaji wa perege na sato wanajua kudumaa: bwawa likijaa kupita kiasi wanazaliana wangali wadogo, wanabaki ukubwa wa kiganja, ndiyo maana wengi hupanda madume watupu. Lakini samaki anayedumaa kwenye tangi hajakubaliana na tangi. Kilichomzuia kukua ni maji machafu na msongo, na mwili unalipa. Oska akipewa nafasi hukua karibu sentimita mbili na nusu kwa mwezi katika mwaka wake wa kwanza, anafika 30 au zaidi, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Yaani mpwa wangu angeweza kumaliza kidato cha nne samaki bado yupo.

Na kuna ile kanuni maarufu, kwamba kila inchi ya samaki ihesabiwe galoni moja, kama lita nne hivi. Kwa visamaki vidogo inakubalika. Kwa samaki mkubwa ni kimeo. Sababu yake ni hesabu za sekondari: urefu ukiongezeka mara mbili, uzito hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nane, kwa sababu samaki ananenepa na kupanuka pia. Kidagaa cha sentimita 5 kikifika 30 urefu umekuwa mara sita, lakini mwili umekuwa kama mara 216. Na kinyesi kinafuata mwili, hakifuati urefu. Sikununua samaki wawili. Nilinunua samaki mia nne na zaidi kwa mkopo!

Uchafu wenyewe unaoua ni amonia, inayotoka hasa kwenye matamvua yao na kwenye chakula kinachooza. Kwenye chujio wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza naitreti, ambayo ni nafuu mpaka ikizidi. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye tangi jipya. Sisi tulikuwa tunaosha sifongo la chujio kwa maji ya bomba yenye klorini na sabuni kidogo, "liwe safi". Tulikuwa tunaua askari kila Jumamosi halafu tunashangaa wezi wanatoka wapi.

Basi, ukubwa gani? Kwa samaki kama huyu mambo mawili yanatangulia kabla ya lita. Kwanza aweze kugeuka bila kujikunja, kwa hiyo upana wa tangi uzidi urefu wake wa utu uzima, si wa leo, na ikiwezekana uwe mara mbili. Pili awe na mwendo, kwa hiyo urefu wa tangi uwe walau mara nne ya wake. Kina hakina maana sana. Tangi refu jembamba linapendeza kwenye hoteli, ila samaki anaishi kwenye sakafu, hapandi ghorofa, na hewa inaingia kwa juu, kwenye uso wa maji. Kule Wasso ni nyanda za juu, hewa nyepesi, na maji hushika oksijeni kidogo kuliko pwani, kwa hiyo uso mpana ni bora zaidi. Ukipiga hesabu zote, oska mmoja anahitaji karibu lita 300. Wawili wanaopatana, 450 na kuendelea. Wawili wasiopatana sijui nikuambie nini, ni kama kuuliza jukwaa moja linatosha mashabiki wangapi wa hizi timu mbili siku ya dabi.

Nikachora tangi la kioo: mita 1.5 kwa sentimita 60 kwa 60. Lita 540. Maji peke yake ni kilo 540, maana lita moja ni kilo moja, na kioo cha milimita 12 kinaongeza kilo 100. Nikampigia fundi vioo Arusha. Akanipa bei, nikanyamaza. Halafu akaniuliza barabara ikoje. Nikamwambia Engaruka, Ngare Sero, kupanda ukingo. Akanyamaza yeye.

Wakati huo mpwa wangu alikuwa na suluhisho lake. Alikuja na daftari, amechora bwawa la kunyweshea mifugo, na ndani yake Simba na Yanga wanatabasamu. "Mjomba, tuwaachie huku. Ni kubwa. Hawatajikunja."

Jamani, sentensi hiyo ilinipiga mahali pabaya, kwa sababu mimi ni mtoto wa Mwanza. Nimekulia kwenye jikoni la mapanki, yale mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, minofu ikiwa imeshapanda ndege kwenda Ulaya. Mnaikumbuka ile filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 iliyoleta zogo, mpaka Rais Kikwete akaikemea hadharani mwaka 2006? Watu walibishana sana kuhusu silaha na ndege na nani amechafua jina la nchi. Mimi niliitazama baadaye sana, chuoni, na kilichonibakia ni samaki mwenyewe. Sangara hakuwa wa ziwa letu. Alipandikizwa miaka ya 1950, kwa nia njema kwa mujibu wa waliompandikiza: samaki mkubwa, nyama nyingi, atakula vile vifuru vidogo visivyo na soko. Ziwa Victoria lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Kama kuna tangi ambalo lingetosha samaki yeyote, lingekuwa lile. Kwa miaka ishirini na kitu watu hawakuona jambo kubwa. Miaka ya 1980 akalipuka. Anafika karibu mita mbili na kilo 200.

Na furu? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa Mwanza tangu 1977 wakiwahesabu, na wakajikuta wanaandika kumbukumbu ya msiba. Aina zilizotoweka zinakadiriwa kuwa zaidi ya mia. Sangara si mshitakiwa pekee, maji ya ziwa pia yalichafuka na oksijeni ikapungua chini, lakini yeye ndiye wa kwanza kizimbani. Baadhi ya aina za furu zilibaki hai kwenye matangi ya Ulaya na Marekani, baada ya watu kuwabeba mapema. Bibi yangu aliwala furu utotoni kama sisi tunavyokula dagaa. Mimi nikitaka kuwaona baadhi yao inabidi niombe viza.

Nilimweleza mtoto yote hayo, kwa lugha ya miaka tisa. Nikamwambia oska waliotupwa na wafugaji waliochoka wamekwishaota mizizi Florida na Australia. Yeye akauliza swali zuri kuliko langu lolote: "Kwa hiyo wakiwa wadogo ni wetu, wakikua ni wa nani?" Nikamwambia ni wetu bado. Akasema basi tuwatengenezee nyumba.

Ufumbuzi ulitoka kwa mzee wa ndama. Alikuja tena, akauona mchoro wangu wa kioo, akaniuliza kwa nini samaki lazima aonekane ubavu. Ng'ombe hunywa kwenye hodhi, hodhi halina dirisha. Mimi nilikuwa nawaza akwariamu, yaani kitu cha kutazama. Yeye alikuwa anawaza mnyama na maji. Kwanza tukawaza hodhi la bati, nikakuta kwamba bati la zinki ni sumu kwa samaki. Saruji nayo inatoa chokaa, inabidi uiloweke na kumwaga maji tena na tena, na sisi maji ya kumwaga hatuna. Mwisho tukamwendea seremala.

Seremala wa Wasso hakushtuka hata kidogo. "Unataka kitanda cha mita moja na nusu kwa sentimita sabini, chenye kuta, kisicho na godoro." Ndivyo hasa. Mbao nene, mikanda ya chuma kwenye kona, na ndani tukalaza ile nailoni ngumu nyeusi wanayotandikia mabwawa ya samaki. Nailoni inakunjwa, inafungwa kamba, inapanda juu ya basi kutoka Arusha bila kuvunjika. Bei yote haikufika nusu ya kioo. Kina cha maji sentimita 45, jumla lita 470 hivi, limekaa chini kwenye sakafu kabisa, halina miguu ya kuvunjika. Mfuniko wa mbao, kwa sababu oska anaruka, na kwa sababu ya baridi. Wasso usiku wa Julai usipime, na hawa ni watu wa nyuzi 24 hadi 28. Kumbe mbao inatunza joto kuliko kioo. Tukaongeza vipande vya godoro kuukuu kwa nje, hita moja ndani, na maji mengi yakishapata joto hayapoi upesi umeme ukikatika. Tangi dogo lilikuwa linapoa kama chai.

Chujio tumetengeneza kwa ndoo ya lita 20: sifongo lile lile la zamani bila kuoshwa ili bakteria wahamie, na juu yake mawe mepesi ya volkano yenye matundu, ambayo kule unaokota bure. Bakteria wanayapenda matundu hayo. Tukanunua na pampu ndogo ya betri ya kupuliza hewa, kwa ajili ya saa za giza. Na dada ameacha kuwapa vipande vya nyama ya ng'ombe, mafuta yake hayawafai. Sasa wanakula chembechembe za chakula cha samaki wa kufugwa na dagaa wa Mwanza waliolowekwa. Nyumbani ni nyumbani.

Lakini hesabu ya maji ndiyo iliyomgeuza dada, si hotuba yangu. Tulikaa mezani na kalamu. Tangi la lita 63 lilikuwa linakula zaidi ya lita 100 kwa wiki. Hodhi la lita 470 lenye samaki mmoja, ukibadilisha sehemu moja ya tano kwa wiki, linakula kama 90. Dumu nne na nusu. Tangi kubwa mara saba linatumia maji kidogo zaidi! Akarudia mara mbili kuhakikisha, yeye ni muuguzi, haamini dozi ya mtu. Na maji yale machafu yana naitreti, ambayo kwa mmea ni mbolea. Hayamwagwi tena barabarani, yanakwenda kwenye sukuma wiki na mchicha nyuma ya nyumba, ambavyo zamani vilikuwa vinamwagiliwa kwa dumu zake vyenyewe. Binti wa kazi akasema, kwa sauti ya chini lakini tukasikia wote, kwamba hiyo ni safari mbili pungufu.

Mmeliona lakini neno nililopitisha haraka: samaki mmoja.

Kwenye hodhi jipya tuliwaweka wote wawili siku ya kwanza. Kwa saa mbili ilikuwa raha, Simba aliogelea urefu wote kwa mara ya kwanza maishani mwake, anaenda anarudi, kama hajui ukuta utakuja saa ngapi. Jioni Yanga akachagua kona yake. Kona yake ikawa nusu. Nusu ikawa hodhi zima. Asubuhi Simba alikuwa amelala ubavu chini ya bomba la chujio, pezi la mgongo limebaki uzi. Ili watu wawili wa aina hii wakae salama ningehitaji hodhi kubwa mara mbili na maji mara mbili, na hapo hesabu ya dumu inarudi palepale.

Nina rafiki Arusha mwenye hodhi la nje lililofunikwa, kubwa, lenye samaki wakubwa wa kuweza kumtuliza mbabe. Alikubali mmoja. Dada akasema uamuzi ni wa mwenye samaki.

Lazima mjue kwamba mpwa wangu ni Yanga damu. Mimi ndiye Simba pale nyumbani, na nimetukanwa sana na mtoto yule. Nilikuwa na uhakika Simba ndiye atakayesafiri. Mtoto akakaa kwenye ukingo wa hodhi karibu nusu saa, mkono ndani ya maji. Yanga akaja kunusa vidole kama kawaida yake, maana oska wanamjua anayewalisha. Simba hakuja.

"Yanga aende," akasema. "Huko kuna wakubwa, yeye anaweza. Simba wakimpeleka watampiga tena."

Hakulia mpaka tulipofunga mfuniko wa pipa. Mimi nilijifanya natafuta tiketi.

Nikashuka nalo, pipa la lita 60 safari hii, Sale, Sonjo, ukingo, Ngare Sero. Kondakta alitaka nilipie kama abiria na sikubishana. Yanga yuko Arusha, anakula, na siku ya tatu alipigwa na mwenzake mwenye sentimita 33, naambiwa sasa ana adabu. Simba vijitundu vya kichwani bado vipo, viwili vimeanza kuziba. Juzi dada alinitumia picha ya mchicha, si ya samaki, na chini yake hesabu ya dumu alizonunua tangu mwaka jana, mstari kwa mstari, na jumla kapigia mistari miwili. Nimemwambia mshahara ukitoka. Amejibu: "Mshahara wa mwezi gani?"